Muulize Fundi: Skrubu ya koki imelika kichwa na maji bado yanadondoka

SWALI: Fundi shikamoo. Koki ya sinki yangu inadondosha usiku kucha hata niifunge kwa nguvu zangu zote. Nikaambiwa ni washa tu imeisha, kile kiduara cha mpira cha kuzuia maji, kazi ndogo, badilisha mwenyewe. Basi nikabandua kile kifuniko kidogo chekundu juu ya kishikio nikakuta skrubu ya nyota ina kutu, nikatia bisibisi niliyokuwa nayo ikateleza, nikakazana, ikateleza tena, sasa hivi pale penye msalaba pamebaki tundu la duara na bisibisi haishiki chochote. Nishajaribu mpaka na kisu. Je, ning'oe koki nzima niweke nyingine au bado kuna njia?
Nimechoka na Tone

JIBU: Marahaba, na pole sana. Kwanza hicho kisu kirudishe jikoni, ncha ikikatikia mle ndani utakuwa na matatizo mawili badala ya moja, na kikiteleza kinaishia mkononi. Koki usiing'oe bado.

Kilichokupata kinawapata wengi, na sio kwamba huna nguvu, ni kwamba nguvu umeipeleka kwenye kuzungusha wakati skrubu ya nyota inataka kukandamizwa. Kuta za ule msalaba hazijasimama wima, zimelala kidogo, kwa hiyo ukizungusha bila kukandamiza ncha ya bisibisi inapanda juu yenyewe mpaka inatoka, na kila ikitoka inakwangua chuma kidogo, ukirudia rudia ndo unapata hilo tundu lako. Henry Phillips wa Marekani, ambaye skrubu hii inaitwa kwa jina lake, alipata hataza zake, yaani haki za uvumbuzi, mwaka 1936 na viwanda vya magari vikaipenda upesi manake bisibisi ya mashine inajiweka katikati yenyewe na inakandamiza bila kuchoka. Mashine hiyo. Wewe umeinama juu ya sinki, mkono umepinda, bisibisi yenyewe pengine namba ndogo kuliko skrubu, hapo itateleza tu.

Na kutu nayo ina sababu yake. Sehemu ya ndani ya koki, lile spindo linalozunguka, mara nyingi ni brasi, ile metali ya njano, afu mtu wa kiwandani akabana kishikio juu yake kwa skrubu ya chuma ya bei nafuu. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye unyevu ile dhaifu ndo inaliwa, na hapa dhaifu ni chuma. Ongeza chumvichumvi ya maji iliyojaa kwenye nyuzi miaka na miaka, skrubu inakuwa kama imepigwa gundi.

Sasa kabla hujashika chombo chochote amua unakubali kupoteza nini. Watu wengi wanaharibu koki nzima kwa sababu ya kuionea huruma skrubu. Mpangilio wangu ni huu: wa kwanza kufa ni skrubu, hiyo haina thamani, hata ikitoka salama usiirudishe. Ikishindikana anafuata kishikio. Kikishindikana linafuata spindo, ambalo linauzwa peke yake. Mwili wa koki, ule uliofungwa kwenye sinki na bomba, huo ndo tunaulinda mpaka mwisho, kwa hiyo kitu chochote kinachotaka kuupinda au kuutingisha sana hatukifanyi. Ukishakubali hivyo kazi inakuwa nyepesi kichwani.

Funga valvu ya chini ya sinki, kama haipo funga koki kuu ya nyumba, afu fungua koki yako mpaka maji yakate kabisa. Ziba tundu la sinki na kitambaa. Usiruke hiyo ya kitambaa tafadhali, skrubu ikidondoka mle utaanza kufungua na bomba la maji machafu na hukupanga kazi hiyo leo.

Chukua sindano au pini, kwangua ndani ya tundu utoe kutu na uchafu wote, watu wanashangaa ni uchafu kiasi gani unakaa mle na bisibisi ilikuwa inazunguka juu yake haijafika chini. Kama unaona ukoko mweupe tia siki matone machache, acha nusu saa, pangusa, suuza. Ila kama sinki limetoka kusafishwa na dawa ya klorini lisuuze vizuri kwanza, siki na klorini zikikutana zinatoa gesi mbaya ya kifua. Pakishakauka tia mafuta ya kulainisha kutu, yale ya kopo la kupuliza au hata yoyote mepesi yanayopenya, na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanapuliza na dakika hiyo hiyo wanaanza kuzungusha. Yaache. Tia jioni uendelee asubuhi. Kila ukipita hapo ongeza tone na ugongegonge kichwa cha skrubu taratibu na nyuma ya bisibisi, mtikisiko ule ndo unafungua nafasi mafuta yaingie kwenye nyuzi.

Asubuhi jaribu na bisibisi ya nyota namba 2, nzuri, ncha haijachakaa. Ingia nayo wima kabisa, mkono mwingine ushikilie koki kwa chini isiyumbe, gonga nyuma ya bisibisi mara moja mbili na nyundo ndogo ili ncha ijichimbie sehemu yake. Afu kandamiza kwa uzito wa bega, sio wa kiganja, na anza kwa kukaza kidogo, ndiyo, kukaza, nywele tu, ili kutu ikatike, halafu ndo urudishe kinyume cha saa. Ukisikia "tki" kidogo furahi. Ukihisi inateleza acha hapo hapo, kila kuteleza mara moja kunakuondolea njia moja ya kesho.

Kuna wanaosema weka kipande cha mpira mpana kati ya bisibisi na skrubu. Inafanya kazi kweli, lakini kwa skrubu iliyoanza tu kulika. Hiyo yako yenye tundu la duara mpira utakatika vipande na utaanza kuuchokoa na sindano. Wengine wanasema kata mfereji kichwani na msumeno wa chuma ili utumie bisibisi bapa, ni njia nzuri sana kwa skrubu iliyoko wazi, ila ya koki imezama ndani ya kishikio, msumeno haufiki bila kukata kishikio chenyewe. Na ile bisibisi ya kupiga kwa nyundo inayojizungusha yenyewe, mafundi wa pikipiki wanaipenda, hapa sitaki kuiona. Pigo lile lote linashuka kwenye brasi nyembamba na kwenye bomba lililo chini.

Kwa hiyo kwako wewe naona tunaelekea kwenye drili, na usiogope. Tumia ya betri kama inapatikana, mikono mikavu, vaa miwani. Hilo tundu ulilolichimba kwa hasira sasa linakufaa, biti, ile ncha ya drili, itakaa katikati yenyewe bila kuhangaika. Unachofanya sio kutoboa skrubu nzima, unakata kichwa tu. Skrubu za koki nyingi zina unene wa milimita 4 au 5, kwa hiyo anza na biti ya 3, mwendo wa pole kabisa, tone la mafuta, shuka milimita chache tu, afu panda biti ya 4, afu 5 ikibidi. Angalia chembe zinazotoka. Zikiwa za kijivu zinazong'aa uko kwenye chuma cha skrubu, endelea. Zikianza kutoka za njano simama, umeingia kwenye brasi, aidha umekwenda pembeni au umeshuka mno. Mambo yakienda sawa kuna wakati utahisi biti imelegea ghafla na kipete kidogo cha chuma kinazunguka nayo. Hicho ndo kichwa. Kimekatika.

Wakati mwingine skrubu inachoka mapema na kuanza kuzunguka pamoja na biti. Biti ya kawaida inazunguka upande wa kukaza kwa hiyo haikusaidii, ila zipo biti zilizosokotwa upande wa kushoto, zinatoboa drili ikiwa imerudishwa rivasi, na ukiwa na bahati zinauma skrubu na kuitoa yenyewe kabla hujamaliza kukata. Ukiweza kuipata moja itumie hiyo tangu mwanzo, mimi hizo nazipenda kuliko kifaa kingine chochote kwenye kazi hii.

Kichwa kikishatoka kishikio hakina tena kinachokishika isipokuwa chumvichumvi na yale meno ya spindo. Mwagia maji ya moto kishikio, tikisa huku na huku, kipandishe na bisibisi bapa mbili, moja kila upande, chini yake kitambaa ili kroma isikwaruzike. Usikinyanyue upande mmoja tu, utapinda spindo. Kikiwa cha plastiki na kimegoma kabisa kivunje na plaizi, miwani ikiwa machoni, tulishasema kishikio ni namba mbili kwenye orodha ya wafu.

Kikitoka utaona kisiki cha skrubu kimesimama juu ya spindo, urefu sawa na unene wa kishikio kilichokuwa pale. Kibane na plaizi ya kujifunga, ile unayokaza skrubu ya nyuma mpaka inauma yenyewe, tia mafuta tena, zungusha kinyume cha saa kwa vipande vidogo, mbele kidogo nyuma kidogo. Mara nyingi kinatoka kirahisi mpaka unajiuliza ugomvi wote ulikuwa wa nini, na jibu ni kwamba nusu ya ugumu ulikuwa ni kichwa kukandamiza kishikio, kichwa kikiondoka ule mkazo umekwisha.

Baada ya hapo ndo kazi uliyoitaka. Kabla hujafungua nati kubwa ya spindo lizungushe kidogo upande wa kufungulia maji, ili washa isiwe imebanwa chini, afu fungua na spana huku mkono mwingine ukizuia mwili wa koki usifuate. Washa iko chini ya spindo, iliyoisha utaijua, ina mfereji wa mviringo ulioingia ndani au imekuwa ngumu kama kifungo. Weka ya ukubwa ule ule.

Na kama kuna mtu hapo nyumbani anakwambia tone tu hilo liache, mwambie siku ina sekunde 86,400. Tone moja kila sekunde, hata tukisema kila moja ni robo ya mililita tu, ni zaidi ya lita 21 kwa siku, ndoo nzima.

SWALI: Mimi sikutumia drili kubwa, nilinunua ile ekstrakta ya kutolea skrubu zilizokufa, nikatoboa katundu, nikaiingiza, nikazungusha na spana, paa, imekatikia ndani. Sasa nikijaribu kutoboa biti inazunguka juu tu hata alama haiweki. Nifanyeje?
Kijana wa Ghorofa ya Pili

JIBU: Hapo kijana usijitese zaidi. Ekstrakta inatengenezwa kwa chuma kilichokomazwa, kigumu mpaka biti yako ya kawaida haikiwezi, na ugumu huo ndo unaifanya iwe kama glasi, haipindi, inakatika. Kwa skrubu nene za injini ni kifaa kizuri. Kwa skrubu ya milimita 4 unatoboa tundu la milimita 2 au 2 na nusu, ekstrakta inayoingia humo ni nyembamba kama kijiti cha meno, afu unaishikia spana yenye mkono mrefu, ilikuwa ikatike tu. Anayetaka kuitumia kwenye koki aishike na mshikio mdogo wa mikono miwili, ule wa umbo la T, ili nguvu iende sawa pande zote, na akihisi inajipinda aache.

Wewe sasa spindo limekwenda. Kata kishikio kwa msumeno wa chuma upande mmoja kwa kushuka chini, kuwa makini usifike kwenye nati, kipanue na bisibisi bapa kitoke. Halafu fungua spindo lote kama lilivyo na huo msiba wake ndani. Dukani usiende kwa maelezo ya mdomo, nenda na spindo lenyewe mkononi, manake linatakiwa lifanane urefu, nyuzi za nati, na idadi ya yale meno ya juu yanayoshika kishikio. Meno yakitofautiana kishikio kipya kinaweza kukaa ukafikiri kimeingia, baada ya wiki kinazunguka peke yake na maji hayafunguki.

SWALI: Koki yangu ni ya mkono mmoja, ile unayoinua juu. Haina skrubu ya nyota, ina kaskrubu kadogo kasiko na kichwa, kamejificha nyuma chini ya mkono, kanafunguliwa na ule ufunguo uliopinda wa pembe sita. Pembe zimeisha, ufunguo unazunguka tu. Hayo mambo ya kukata kichwa hayanihusu, kichwa chenyewe hakipo.
Dada wa Mkono Mmoja

JIBU: Kweli dada, hako hakana kichwa cha kukata. Lakini kwanza hakikisha ulitumia alenki sahihi, yaani huo ufunguo wa pembe sita, ya milimita 2 na nusu na ile ya inchi 3/32 ukizitazama kwa macho ni kitu kimoja, kumbe ya inchi ni milimita 2.38, inaingia vizuri, inachezacheza, afu inalamba pembe zote. Wengi wanaosema pembe zimeisha zimeisha kwa sababu hiyo.

Tatizo hilo hilo linageuka kuwa dawa. Tafuta iliyo kubwa kidogo tu kuliko tundu, kwa mfano ya inchi 7/64 ambayo ni karibu milimita 2.8, au ncha ya Torx yenye nyota ya pembe sita inayokataa kuingia kwa nywele tu, igonge taratibu mpaka ijichimbie kuta mpya. Mafuta yawe yameshalala usiku mzima kabla ya hapo. Wakati wa kugonga mkono wa koki uuegemeze kwenye kitu kigumu, mtu mwingine akushikilie kipande cha mbao upande wa pili, kwa sababu ndani ya koki za namna hiyo kuna katriji, kile kifaa kinachofunga na kufungua maji, ya diski za kauri, na kauri haipendi nyundo kabisa. Ikijichimbia zungusha pole pole, itoke na kaskrubu kake kakiwa kamenasa kwenye ncha, usihangaike kukatenganisha.

Ikigoma toboa. Kaskrubu hako mara nyingi ni ka milimita 4 au 5 kwa hiyo biti ndogo ya 2, afu 3, na mara nyingi ukuta ukibaki mwembamba kanalegea. Nyuzi za kwenye mkono zikiharibika tafuta mkono mwingine, sio koki nyingine. Na kwenye koki yako hiyo usitafute washa, haina, inayodondosha ni katriji yenyewe au oringi zake, zile pete za mpira.

SWALI: Fundi mimi nilifaulu kutoa ya juu bila shida, iliyonishinda ni ile ya chini inayoshika washa kwenye spindo. Ni ya njano, laini, mfereji wake umebomoka upande mmoja. Halafu niambie na skrubu mpya ya juu niweke ya aina gani maana sitaki kurudi huku tena.
Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Ya chini ni nafuu kuliko unavyofikiri kwa sababu spindo liko mkononi, unaweza kulibana kwenye jiriwa au plaizi ukiwa umelizungushia kitambaa, ukafanya kazi juu ya meza kwenye mwanga. Kata washa yenyewe na kisu uitoe kwa vipande, mpira ukiondoka kichwa cha skrubu kinabaki kimening'inia wazi na hapo plaizi inakishika kwa pembeni, huhitaji mfereji tena. Kama unapenda kutumia bisibisi, kata mfereji mpya na msumeno, kwa hapa unafika. Ila brasi ya zamani iliyogeuka rangi kuwa ya pinki pinki imeshaliwa na maji, inakatika kama biskuti, ukiona hivyo tafuta spindo jipya tu uendelee na maisha.

Ya juu weka ya stenlesi au ya brasi, unene na nyuzi zile zile. Iingize kwanza kwa mkono, izunguke raundi mbili tatu bila bisibisi, ikikataa hapo imekaa upande, itoe uanze upya. Paka grisi ya silikoni kidogo kwenye nyuzi, ile ya mafundi bomba, isiyokula mpira. Kaza mpaka kishikio kisichezecheze, basi. Na rudisha kile kifuniko chekundu au cha bluu, watu wanakitupa wakidhani ni pambo, kazi yake ni kuzuia maji ya sabuni yasituame juu ya kichwa cha skrubu.

Ukifunga kila kitu na washa mpya na bado inadondosha, usikaze kishikio kwa hasira. Ingiza kidole ndani ya mwili wa koki, maji yakiwa yamefungwa, upapase ule mdomo washa inapokalia. Ukihisi kajino au mchubuko kwenye mviringo wake, washa yoyote utakayoweka italiwa hapo hapo. Kuna kifaa kidogo cha mkono cha kusawazisha huo mdomo, unakizungusha raundi chache bila kukandamiza sana, unafungua maji kidogo yasombe vumbi la brasi, ndo unarudisha spindo.